Uraka Ukigeuka Siki

Unapofika msimu wa korosho katika nchi ya Rutamba, mkoani Lindi, kuanzia mwezi wa Oktoba na kuendelea, ardhi iliyo chini ya mikorosho hujaa mabibo mekundu na ya manjano ambayo korosho zake zimekwisha kunyofolewa, na mengi kati yake huoza pale pale yalipoanguka, kwa kuwa bibo likishadondoka halingoji siku mbili. Mengine hukusanywa yakapondwa na kukamuliwa, na maji yake yakatiwa chomboni. Na maji hayo, ambayo asubuhi mtoto mdogo huyanywa kwa utamu wake, kutwa huanza kutoa povu, na hayapiti siku nyingi ila yamekuwa uraka, kileo ambacho wenye kukinywa wanakijua kwa ladha na wenye kujiepusha nacho wanakijua kwa harufu. Lakini uraka nao haudumu. Ukiachwa wazi, juu yake hutanda utando mwembamba mweupe, vijidudu vidogo vya matunda huzunguka mdomo wa chombo, na ukali wake hugeuka ukawa ukali wa namna nyingine, wa kuuma ulimi na kukunja uso, hata mlevi mwenyewe huusukuma kando. Umekuwa siki.

Maji ya bibo yalikuwa halali na tohara. Uraka ni haramu, na kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo wanayoyafuata Waislamu wa pwani hii tangu Kilwa hadi Lindi, kileo kilicho majimaji ni najisi vile vile, kikigusa nguo ya sala nguo hufuliwa. Siki ni halali tena, na mtu huitia katika kachumbari akaila na wageni wake bila ya kuona haya. Chombo hakikumwagwa wala hakikuoshwa, na hapana aliyetia kitu wala kutoa. Nini basi kilichoondoka na nini kilichoingia, hata hukumu ya Mwenyezi Mungu juu ya kilichomo ikapinduka mara mbili katika muda mfupi namna hii?

Swali hili aliniletea mpwa wangu, aliporudi likizo kutoka chuo, Dar es Salaam, baada ya kumaliza muhula wa pili wa kemia ya mwaka wa kwanza. Alinisalimu, akakaa mkekani, na baada ya habari za nyumbani na za safari akaniambia, "Mjomba, katika hesabu yetu hakuna kinachopotea. Gramu 46 za ethanoli, yaani ile spiriti iliyo ndani ya uraka, zikichukua gramu 32 za oksijeni ya hewani, zitatoka gramu 60 za tindikali ya siki na gramu 18 za maji. Jumlisha mwenyewe." Nikajumlisha, nikapata 78 upande huu na 78 upande huu. "Basi ikiwa chembe ni zile zile," akasema, "najisi imekwenda wapi?"

Hakusema haya kwa kufanya mzaha na dini, na mimi sikuyapokea hivyo. Wako wazee ambao kijana akiwauliza namna hii humwambia aache ukafiri wa chuoni, na kijana hunyamaza kwa adabu, akarudi na swali lake kule alikolitoa, na huko hulijibu peke yake. Jambo hilo linanisikitisha kuliko swali lenyewe, kwa sababu maulamaa wetu hawakuwa watu wa kukimbia maswali, na hili hasa walikwisha kulitia mkononi miaka mingi kabla ya kuwapo chuo chochote cha kemia.

Ninavyoelewa mimi, muhula wa kwanza wa elimu hiyo humfundisha mwanafunzi vitu vilivyo: atomi na sehemu zake, jedwali la elementi, vifungo vinavyoshika chembe kwa chembe. Muhula wa pili humfundisha namna vitu vinavyokuwa: mwendo wa mmenyuko na sababu za kuuharakisha au kuukawiza, msawazo, tindikali na besi, kuyeyuka na kuganda kwa chumvi, na ile elimu ya joto inayosema ni badiliko gani huweza kwenda lenyewe na ni lipi haliendi mpaka lisukumwe. Mwenye kusoma muhula wa kwanza anaweza kubaki akiuona ulimwengu kuwa ghala ya vitu vilivyopangwa kwa majina yao. Mwenye kusoma wa pili huona kwamba hakuna kitu kilichotulia. Hata siki yenyewe, iliyosimama kimya ndani ya chupa, haikusimama. Katika siki ya kawaida, yenye tindikali kiasi cha sehemu tano katika mia, chini ya molekuli moja katika kila mia mbili ndiyo iliyoachana na hidrojeni yake kwa wakati mmoja. Na hiyo iliyoachana mara huungana tena, na nyingine huachana mahali pake, na idadi hubaki ile ile ilhali wenye kuifanya idadi hiyo wanabadilishana daima. Huo ndio msawazo wanaoufundishwa, na kijana mwenye akili akiufahamu sawasawa ni lazima ajiulize kitu kuwa kile kile maana yake nini.

Mafakihi waliliita badiliko la namna hii istihala, yaani kitu kutoka katika hali yake kikawa kitu kingine, na suala la kileo kugeuka siki ndilo mfano wao mashuhuri. Asili ya maneno yao ni mvinyo wa zabibu, kisha wakazungumza juu ya vileo vinginevyo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye kitabu chake Minhaj al-Talibin kimekuwa nguzo ya fikihi ya Kishafii, ameeleza kwamba mvinyo ukigeuka siki wenyewe hutoharika. Na ukitiwa kitu ndani yake ili ugeuke, hautohariki. Ama ukihamishwa tu kutoka juani hadi kivulini, au kutoka kivulini hadi juani, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi hutoharika. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa wamekuwa wepesi zaidi, wakakubali siki hata iliyotengenezwa kwa kutiwa kitu. Sababu ya Mashafii kukataa si ukaidi. Kitu kilichotiwa, kiwe chumvi au kitunguu au mkate, kilinajisika kwa kugusa mvinyo. Mvinyo ukishageuka, chenyewe hakikugeuka, na kimebaki mle mle na najisi yake, kikainajisi siki baada ya kutoharika.

Nilipomsomea mpwa wangu maneno haya aliinua kichwa kwenye hilo la jua na kivuli. Kwake yeye jua na kivuli ni sura nzima ya kitabu. Wamefundishwa kwamba joto likipanda kiasi cha nyuzi kumi, mimenyuko mingi huongeza mwendo wake kama mara mbili, kwa sababu chembe hugongana kwa nguvu zaidi na nyingi zaidi hufaulu kuvuka kizingiti kilicho kati ya hali ya mwanzo na hali ya mwisho. Joto halibaki ndani ya siki kama kitunguu kinavyobaki. Halina mwili wa kunajisika. Wanavyuoni wale hawakuwa na kipimajoto, lakini walitambua kwamba kuharakisha jambo ni kitu kimoja, na kulitilia kitu ni kingine, na hukumu wakaijenga juu ya tofauti hiyo.

Likabaki neno moja gumu: kugeuka wenyewe. Kemia haikubali neno hilo kwa wepesi. Gramu 32 za oksijeni zimetoka nje ya chombo, na bila ya hizo hapana siki. Na tangu miaka ya 1860, Louis Pasteur alipoichunguza siki huko Ufaransa, imejulikana kwamba ule utando mweupe una viumbe vidogo vyenye uhai, navyo ndivyo vinavyoishika hewa na kuiunganisha na spiriti. Uraka haukugeuka peke yake. Uligeuzwa na hewa na viumbe. Je, hili linavunja kauli ya fakihi? Mimi naona halivunji. Fakihi hakuwa anatoa habari juu ya sababu zote zilizomo duniani. Alikuwa anauliza mkono wa mwanadamu ulifika wapi, na kama uliacha ndani ya chombo mwili wowote ulionajisika. Hewa iliyoingia imekuwa yenyewe ndiyo siki, na upepo haumngoji mtu kuufungulia mlango. Ama viwanda vyetu vya siki, ambavyo hupuliza hewa kwa mashine na kuanzishia siki mpya kwa siki ya zamani, ni suala la kuulizwa wenye fatwa. Lakini kupuliza hewa peke yake sioni kunazidi kufunua kifuniko.

Mfano wa pili uliomo katika vitabu ni mgumu zaidi, na kemia inaukosoa kwa haki. Wafuasi wa Abu Hanifa husema kwamba punda akifia katika shamba la chumvi, akakaa hata akawa chumvi, chumvi hiyo ni tohara, kwa kuwa punda hayupo tena. Watu wa Lindi na Kilwa wanayajua mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa, jua likayakausha, chumvi ikaganda na kukwanguliwa. Mwanafunzi wa muhula wa pili ataeleza namna inavyoganda, kwamba maji hupungua hata ioni za sodiamu na kloridi zisipate nafasi ya kubaki zimeyeyuka. Naye atasema kwamba nyama haigeuki chumvi ya kula hata kidogo. Nyama ni kaboni na oksijeni na naitrojeni na hidrojeni kwa sehemu kubwa, na hayo huoza yakaenda hewani na majini. Chumvi iliyoonekana mahali pa punda ilitoka baharini, ikashika nafasi iliyoachwa. Hapo mtu amehama nyumba na mwingine amepanga, hapana aliyegeuka. Hukumu ya tohara huenda ikabaki, kwa hoja nyingine, lakini mfano wa istihala si huo, na ni wajibu wa mwenye elimu kuusema ukweli huo bila ya kumvunjia heshima fakihi aliyekwishatangulia mbele ya haki.

Tofauti kati ya kugeuka na kubadilishwa mahali pake haihitaji kutafutwa mbali na Rutamba. Katika mkoa huu huu wa Lindi kuna kilima cha Tendaguru, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimbisha mifupa ya wanyama wakubwa walioishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, siku kadhaa za njia hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa kwenda Berlin, na huko mpaka leo amesimamishwa mnyama mmoja mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Sitaacha kusema kwamba kazi ile ilikuwa ya mikono na miguu ya watu wa nchi hii, na kwamba mifupa hiyo haijarudi. Lakini tazama kilichoipata mifupa yenyewe ardhini. Mfupa ulio hai una utomvu wa protini ulioshikamana na madini ya kalsiamu na fosfeti. Protini yote, au karibu yote, imekwisha. Matundu yaliyokuwa na uboho na damu yamejazwa madini yaliyoletwa na maji ya ardhini. Hata yale madini ya asili ya mfupa yamebadilishana sehemu zake na maji, floridi ikiingia mahali pa haidroksidi, kwa sababu madini yenye floridi huyeyuka kwa shida zaidi, na kilicho kigumu kuyeyuka ndicho kinachobaki. Haya nayo ni masomo ya muhula wa pili. Sehemu kubwa ya kitu imekwenda na nyingine imekuja, na sisi sote, mtaalamu na mchunga mbuzi, tukiuona tunasema: mfupa wa paja.

Linganisha sasa mambo mawili haya. Katika siki, chembe za kaboni zimebaki na sisi tumesema kitu kimekuwa kingine. Katika mfupa wa Tendaguru, chembe nyingi zimeondoka na sisi tumesema kitu ni kile kile. Ikiwa chembe ndizo zinazoamua kitu kuwa ni nini, basi tumekosea mara zote mbili. Na mimi siamini kwamba tumekosea hata mara moja.

Wanafalsafa wa Kiislamu waligombana juu ya mlango huu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alishikilia kwamba vitu vya asili vikichanganyika hata kikazaliwa kitu kipya, sura za asili zinabaki ndani yake zikiwa kamili, na kilichopungua ni nguvu za sifa zao tu. Ibn Rushd wa Andalusia, aliyefariki 1198, akamkatalia, akasema sura zenyewe hupungua, kwani zikibaki kamili kitu kipya hakitakuwa kimoja kwa hakika. Baada yao mkemia Mfaransa Lavoisier, katika kitabu chake cha mwaka 1789, akaifanya mizani kuwa kadhi, na kwa mizani Ibn Sina angeweza kusema ameshinda: kaboni iliyokuwa katika uraka imo katika siki, na inaweza kutolewa tena na kupimwa, haikupungua hata chembe.

Walakini kemia hiyo hiyo imeleta ushahidi mwingine, na huu ndio niliomwomba mpwa wangu aufikirie kuliko yote. Ethanoli ina atomi mbili za kaboni, sita za hidrojeni na moja ya oksijeni. Kipo kitu kingine, kiitwacho dimethili etha, chenye atomi mbili za kaboni, sita za hidrojeni na moja ya oksijeni. Hesabu ni moja, uzito wa molekuli ni mmoja, gramu 46 kwa gramu 46. Ethanoli ni maji yanayochemka kwenye nyuzi 78. Hiyo nyingine ni gesi, ambayo mpaka ipoe kiasi cha nyuzi 24 chini ya sifuri ndipo inapokuwa maji. Katika ya kwanza oksijeni imekaa pembeni, ikiwa imeshika hidrojeni. Katika ya pili imekaa katikati ya kaboni mbili. Hakuna kilichozidi wala kilichopungua isipokuwa mpango. Na mpango si atomi. Hauna uzito, hauonekani juu ya mizani, huwezi kuuchuja ukaubakisha kwenye karatasi ya chujio. Pamoja na hayo mpango ndio unaoamua kama kitu ni maji au ni hewa, kinalevya au kinakunja uso, na kwa hiyo, kwa upande wa fakihi, kama ni haramu au halali.

Nilimwambia, basi, kwamba swali lake la najisi kwenda wapi limesimama juu ya dhana ambayo elimu yake mwenyewe imeikanusha: kwamba kilicho kweli katika kitu ni kile kinachopimika tu. Najisi haikuwa katika kaboni hata ikahitaji kuhama nayo. Sharia iliukataza uraka kwa sababu ya vile ulivyo kwa akili ya mwanadamu, na uraka ukiacha kuwa vile, kilichohukumiwa hakipo. Mafakihi waliita hilo kuondoka kwa ila, yaani sababu ya hukumu, na ila ikiondoka hukumu huondoka nayo. Kemia humwambia mtu nini kimebaki. Fikihi humwambia amekabiliana na nini sasa. Na kila moja ikibaki juu ya kiti chake hazigombani. Sisemi kwamba mafakihi walijua kemia, wala sipendi vitabu vinavyotafuta kila ugunduzi wa maabara katika maneno ya wazee. Huko ni kuwavika wazee nguo isiyokuwa yao. Nasema walifikiri vizuri juu ya kitu walichokiona kwa macho.

Mpwa wangu alinyamaza, kisha akaniuliza ambacho nadhani ndicho kilichokuwa moyoni mwake tangu mwanzo, kwani mwaka ule tulikuwa tumemzika bibi yake. "Na mtu, mjomba?"

Mtu hubadilishana na dunia kila siku. Anakula mhogo na samaki, anavuta hewa na kuitoa, na miaka ikipita nyama yake iliyo nyingi imetokana na vitu ambavyo hapo kwanza havikuwa yeye. Aliyekopa akiwa na miaka 20 akidaiwa akiwa na miaka 60 hawezi kumwambia kadhi kwamba maji na nyama ya aliyekopa vimekwisha kuondoka. Deni lingali lake, na ndoa yake ingali yake, na jina analoitwa anaitika. Akifa, kaboni yake huenda hewani, ikarudi katika jani la muhindi, ikaliwa, ikawa nyama ya mtu mwingine. Wakanushaji wa kufufuliwa walilishika hili zamani sana, wakauliza: chembe iliyokuwa ya watu wawili, siku ya kiyama itakuwa ya nani? Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwajibu katika Tahafut al-Falasifa kwamba nafsi hurudishwa katika mwili, na mwili huo ukiwa wa maada ile ya kwanza au wa maada nyingine haidhuru, kwa maana mtu hakuwa yeye kwa maada yake, naye alikwishaibadilisha tangu utotoni hata uzeeni akabaki yeye. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi, na sioni lolote katika muhula wa pili wa kemia linaloidhoofisha.

Lakini sitaki kumpa kijana zaidi ya ninachokimiliki. Mpango wa siki haujijui kuwa ni siki, na mfupa wa Tendaguru haumkumbuki mnyama wake, ilhali bibi yake alijijua, na alimjua yeye kwa sauti kabla hajaingia mlangoni. Kutoka katika mpango wa chembe hadi katika nafsi kuna mwendo ambao elimu ya kemia haikuutembea, wala haidai kuutembea. Tena elimu hiyo, katika mlango wake wa entropia, inasema wazi kwamba kilichopangwa kikisambaa hakijikusanyi: siki iliyomo chomboni haitarudi kuwa uraka hata ingojewe karne, na mwili ulioachana na uhai huelekea kwenye utulivu wa msawazo ambao aliye hai aliukwepa kila siku kwa kula na kupumua. Mpwa wangu aliyasema haya mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama anayeniletea habari ya msiba. Nikamwambia nayakubali yote. Mfu hajikusanyi. Na katika mafundisho yote tuliyoyapokea kutoka kwa walimu wetu wa madrasa, hakuna hata mmoja aliyetuambia kwamba atajikusanya mwenyewe.